Waipa ya Uzi wa Wavu

Mwaka wenyewe siujui kwa namba. Naujua kwa chakula. Ni mwaka ule mbuta alipomaliza kula ngege ziwani, na sisi tukaanza kumla mbuta. Kabla ya hapo mtoto wa Homa Bay alikula ngege, omena na kamongo, na alimjua kila mmoja kwa mwiba wake. Ghafla likaja lile jisamaki lenye mdomo kama mlango wa ghala na mafuta kama dume la kuchinjwa arusini. Nyanya yangu aligusa kipande kwa mwiko, akakigeuza, akasema yeye hawezi kula samaki mwenye kitambi kumshinda chifu. Mama alipombanika mbuta huyo, mafuta yalidondoka, moto ukaruka, na nyasi za paa la jikoni zikashika. Siku hiyo tulikula tukiwa tumekaa nje, tunatazama jiko lisilo na kichwa. Alikuwa mtamu, siwezi kudanganya.

Nyinyi wa rika langu mnaujua mwaka huo. Tulikuwa tunacheza kati na mpira wa matambara, unapigwa nao mgongoni mpaka unasahau jina lako. Kaka zangu walitengeneza magari kwa mabua ya mtama, wakanguruma kwa midomo mpaka mate yakaisha. Mimi sikuhitaji gari la mabua. Baba yangu alikuwa na pikapu. Nasema tena, kwa sababu najua kuna wasomaji ambao baba zao walikuwa na punda: baba yangu alikuwa na pikapu.

Ilikuwa ya bluu upande mmoja, na upande wa pili ilikuwa rangi ya kutu, kwa hiyo watu wa Homa Bay walifikiri ana gari moja na watu wa Migori wakafikiri ana lingine. Baba hakuwasahihisha. Alibeba samaki kutoka ziwani akapeleka Migori, na alirudi na mahindi, ndizi na habari. Kiti cha mbele kilikuwa na shimo ambalo spring yake ilijua kila mtu kwa makalio yake. Ndani kulinuka petroli, moshi wa samaki na jasho la Baba, na mpaka leo nikinusa hivyo vitu vitatu pamoja nanyooka mgongo kama mtu aliyeitwa jina.

Halafu waipa ikafa.

Kwa watu wa leo hiyo ni habari ndogo. Lakini mvua ya huku kwetu inatoka ziwani mchana ikiwa imeshiba, haikwambii hodi. Barabara ilikuwa udongo mweusi, ule unaoshika gurudumu kama mtoto anayemng'ang'ania mama yake akienda sokoni. Bila waipa, Baba aliona mbele kama mtu anayetazama kupitia chupa ya maziwa. Na samaki hawangoji jua. Samaki akilala njiani siku moja, Migori nzima inajua kabla hujafika.

Baba alikuwa mtu wa kufikiri, na kufikiri kwake kulimtia Mama uzeeni mapema. Alikaa akamtazama Mama akiosha sufuria iliyopikiwa mbuta. Maji yaliteleza tu, hayashiki. Baba akasimama kama aliyeona malaika. Akachukua mafuta ya mbuta, akapaka kioo chote cha mbele, vizuri, kwa mviringo, kama anayempaka mtoto wa Krismasi.

Mvua ya kwanza ilipopiga, kioo kikawa uji. Uji mzito wa asubuhi. Baba aliendesha kichwa kikiwa nje ya dirisha, masikio yakijaa maji, mpaka Rongo. Mvua ikakoma, jua likatoka, na jua na mafuta ya mbuta ni ndugu wabaya. Inzi walikuja. Baada ya inzi, mbwa. Kila soko tulilopita mbwa wa soko hilo walijiunga, na tulipofika Migori tulikuwa na msafara kama wa mheshimiwa. Paka mmoja alipanda juu ya boneti, akalamba kioo akitazamana na Baba macho kwa macho. Tuliporudi nyumbani Mama alikinusa kioo kile, akasema, "Sijawahi kuona mtu akikaanga gari." Akakisugua kwa jivu na ndimu siku nzima, na kila mgeni aliyekuja alielezwa ni nini kinachosuguliwa.

Ndipo Baba akapata fikra ya pili. Akachukua uzi wa wavu, ule mnene wa kuvutia mbuta, akaufunga kwenye waipa ya kushoto, akaupitisha dirisha la kushoto, ukakatiza ndani ya gari mbele ya vifua vyetu, ukatokea dirisha la kulia, ukafungwa kwenye waipa ya kulia. Ukivuta huku waipa zote mbili zinakuja huku. Ukivuta kule zinakwenda kule. Kilichobaki ni mtu wa kuvuta.

Kaka yangu mkubwa alijaribiwa kwanza, akasinzia. Wa pili alivuta kwa hasira, uzi ukakatika. Mimi nilikuwa msichana wa kuteka maji ziwani na kutwanga mtama, na mikono yangu ilikuwa na akili. Baba akanipandisha. Nikavuta. Barabara ikatokea, nyeusi, inang'aa, na ng'ombe wa mtu pembeni.

"Unaona?" akaniuliza.

"Naona."

"Basi na mimi naona," akasema, na kazi nikaipata.

Kazi ile ilikuwa na maneno mawili tu, ya Kijaluo. Baba akisema "Ywa," navuta. Akisema "Rit," nangoja. Mvua kubwa ilikuwa ywa, ywa, ywa, mpaka mabega yanawaka. Manyunyu yalikuwa ywa moja, halafu rit, unangoja maji yajikusanye, yaanze kutiririka, ndipo ywa nyingine. Ukivuta kabla ya wakati, mpira unakwaruza kioo kikavu na kulia kama nguruwe. Ukichelewa, mko mtaroni. Baada ya muda Baba aliacha kusema. Nilijua mwenyewe. Kuna mambo mengi Baba hakuyaona maishani, lakini mvua ikinyesha aliona kile nilichomfungulia mimi.

Na madirisha, kumbukeni, lazima yawe wazi kidogo ili uzi upite. Kwa hiyo mvua tuliyoikataza kwenye kioo iliingia kwa mlango wa pembeni na kukaa mapajani mwetu. Tulifika Migori samaki wakiwa wakavu na sisi tukiwa tumelowa. Mwanamke mmoja sokoni alimuuliza Baba ni nani hasa aliyevuliwa.

Shule nilisoma, lakini nilisoma kiangazi tu. Mvua zikianza, mwalimu aliona nafasi yangu ni tupu, akajua mbuta wako njiani. Kujumlisha kulifundishwa jua likiwaka, na mpaka leo najumlisha kama karani. Kutoa kulifundishwa masika. Kutoa sijui. Ndiyo maana sokoni hakuna mtu amewahi kufaulu kuniomba nimpunguzie. Watoto wenzangu waliniita Nyar Waipa, binti wa waipa, wakidhani wananitukana. Nilitembea na jina hilo kama mtu aliyevaa viatu.

Sasa niwaambie siku ya mhubiri.

Alikuwa mhubiri mgeni, mfupi, mwenye kanzu nyeupe iliyopigwa pasi mpaka ikawa na kona. Alikuwa anatakiwa Migori kwenye mkutano, na mawingu juu ya ziwa yalikuwa meusi kama sufuria. Baba alimheshimu kila mtu aliyevaa nyeupe. Akamkaribisha mbele, akaniambia kwa upole, "Nyathina, mwanangu, shuka. Kaa nyuma na samaki, jifunike turubai. Mhubiri atavuta."

Enzi zetu mtoto hakumjibu baba yake. Ukijibu, kofi linafika kabla jibu halijaisha, na jibu lililobaki unalimalizia kwa kilio. Tena mbele ya mtu wa Mungu, na akina mama wote wa samaki wamesimama na beseni kichwani wanatazama. Nilijua hayo yote. Lakini niliutazama uzi wangu, nikaitazama mikono ya yule mhubiri, laini kama sabuni iliyolowa, nikashika uzi kwa mikono miwili.

"Mimi sishuki," nikasema. "Waipa haishuki."

Mama mmoja aliweka beseni chini kabisa ili aone vizuri. Baba alinitazama. Akatazama mawingu. Akanitazama tena. Halafu akamgeukia mhubiri, akamwambia, kama anayetangaza uamuzi wa baraza, "Umesikia. Sogea ukae katikati."

Tukabanana watatu. Kiti kilizama katikati, na uzi ukampita mhubiri chini ya pua barabara. Kila nikivuta, ulimkata kushoto, ukamkata kulia, kama mtu anayechonga kijiko. Mvua ilipotukuta ilikuwa ywa bila rit. Mhubiri alivumilia kidogo. Ngurumo ilipopiga akasema tuombe, akainua mikono yote miwili juu, na uzi ukamnasa makwapani. Waipa zikasimama katikati ya kioo kama mkono wa polisi wa trafiki.

"Ywa!" Baba akasema.

"Siwezi, Baba. Nimeshikwa na maombi."

"Rit," mhubiri akasema, maskini, alikuwa ameshajifunza neno moja, na lilikuwa si lake.

Baba alikanyaga breki akiwa haoni kitu. Pikapu ikaenda upande upande kama ng'ombe aliyekunywa busaa, ikasimama. Nikaunyofoa uzi kwenye kwapa la mhubiri, nikavuta. Mbele yetu, karibu kiasi cha kunusika, lori la miwa lilikuwa limelala ubavu katikati ya barabara. Bua moja la muwa lilikuwa linagusa boneti yetu kama linabisha hodi.

Mhubiri ndiye aliyefungua mdomo kwanza. Akasema hata mitume walikuwa watu wa samaki. Akashuka mwenyewe, bila kuambiwa na mtu, akakunja kanzu, akaingia nyuma chini ya turubai pamoja na mbuta. Nasikia alihubiri vizuri sana Migori siku ile, na kwamba paka walihudhuria.

Mama alipopata habari alisema nichapwe kwa kumjibu baba mbele za watu. Baba akakubali kabisa, nichapwe, lakini sasa ni masika na mikono inahitajika. Nitachapwa kiangazi. Kiangazi kikafika, akasahau. Kila kiangazi alisahau.

Baadaye sana Baba alipata mota ya waipa kutoka kwenye gari lililokufa, akaifunga. Nililia kidogo, lakini nilifuta machozi nilipoiona ikifanya kazi. Ilijua neno moja tu. Ilijua ywa. Ukiwasha inapiga kama mwendawazimu, mvua au manyunyu, kwake ni sawa, na kioo kikikauka yule nguruwe anaanza kulia. Kungoja haikujua. Kwa hiyo nikabaki pale pale kitini, kidole kwenye swichi: washa, zima, ngoja. Washa, zima, ngoja. Mota ilileta nguvu, akili ikabaki yangu.

Nilipoolewa Migori, ng'ombe walikwenda kwa baba yangu, na baba yangu akarudisha pikapu. Kaka zangu waligeuka rangi. Walisema msichana hapewi gari, imeonekana wapi. Baba akawajibu, "Gari haiendi bila waipa. Na waipa ndiyo inayoolewa." Kwa hiyo nilifika kwa mume wangu kama bibi arusi aliyekuja na magurudumu. Marehemu mume wangu alishika usukani, mimi nikashika swichi, na hivyo ndivyo tulivyolea watoto. Tukigombana, nilichelewesha swichi kidogo. Aliomba msamaha haraka, yule mtu.

Sasa usukani ni wa mjukuu wangu Akinyi. Amesomea umeme wa magari chuoni, na pikapu ya babu yake mkuu ameifufua sehemu kwa sehemu mpaka nashangaa ni nini kilichobaki cha zamani isipokuwa mimi. Anachukua samaki Homa Bay anapeleka Osiri, kwa wachimba dhahabu, watu wanaokula mbuta kwa mikono yenye vumbi la utajiri wasioupata. Mimi nimekuwa nikienda naye. Kidole changu, swichi yangu.

Juzi asubuhi nilimkuta amelala chini ya usukani, miguu nje. Akatoka na kidude cheusi, kidogo kama sabuni ya hotelini, alichokitoa kwenye gari la watu lililogongwa. Anakiita rilei.

"Dani, hii kitu inajua kungoja," akaniambia; Dani ni nyanya kwa Kijaluo. "Unazungusha hapa, waipa inapiga mara moja inapumzika. Ukitaka ipumzike sana, unazungusha tena."

"Inangojea nini?"

"Sekunde."

"Mimi sijawahi kungojea sekunde. Nilingojea maji."

"Ni the same thing, Dani."

Niliita baraza la moyo wangu, nikaamua nisimbishie mtoto aliyesoma mpaka masika. Akaunga waya, akafunga, akaniambia nimwage maji kwenye kioo. Nikamwaga debe zima, kwa nia mbaya. Waipa ikapiga. Ikanyamaza. Ikapiga. Ikanyamaza. Hakuna nguruwe. Nilisimama pale nikiitafutia kosa kama mama mkwe, na kosa sikuliona. Nimekuwa mtu wa ukweli tangu zamani na sitaacha uzeeni: kidude kile kinajua kazi.

Safari ya kwanza nacho ilikuwa mbaya. Manyunyu yalianza kabla hatujafika Rongo, na kioo kikajifuta chenyewe, polepole, kwa adabu. Mkono wangu ulinyanyuka kwenda kwenye swichi, ukakuta hakuna anayeuhitaji, ukarudi mapajani. Ukanyanyuka tena. Wahenga walisema mkono mtupu haulambwi. Wangu siku hiyo haukulambwa wala kusalimiwa. Akinyi aliimba na redio njia nzima. Alikuwa anaona vizuri kabisa.

Juzi hiyo hiyo jioni nikawasikia, yeye na mama yake, wakizungumza kwa sauti ile ambayo watu hutumia kwa wagonjwa. Dani apumzike. Magoti ya Dani. Barabara ya Osiri inamtikisa Dani. Na tena, sasa kwa kuwa waipa inajiendesha, kile kiti cha mbele kinaweza kubeba kasha la barafu. Jana wakaniambia hivyo hivyo usoni.

Barafu. Nimelea watoto, nimezika mume, nimemnyofoa mhubiri kwenye maombi, nimekuja kubadilishwa na barafu.

Sisemi siku hizi ni mbaya. Siku hizi kuna lami mpaka karibu na mlango, na Akinyi hajawahi kukosa somo kwa sababu ya mvua, na kutoa anajua. Lakini hawa watoto wanauliza simu kama itanyesha huku mvua inainyeshea simu yenyewe. Wanakaa gari moja kutoka Homa Bay mpaka Migori, kila mtu na waya zake masikioni, na mtu anaweza kufika bila kujua alikuwa na nani. Sisi hatukuweza. Uzi ulitupita wote vifuani. Ukivuta wewe, baba yako anauhisi ukipita. Na mlipofika mlikuwa mmelowa pamoja, mnanuka pamoja, na barabara yote mliiona wawili, kipande kwa kipande, kila kipande kwa ruhusa ya mkono wako. Sijasikia tangu siku hizo mtu akiniuliza "Unaona?" na kungoja jibu langu ndipo aendelee.

Leo asubuhi mawingu yalikuwa juu ya ziwa. Magoti yaliniambia kabla ya simu ya mtu yeyote. Nikaoga, nikajipaka mafuta, nikafunga kitambaa kile cha kanisani, nikaingia kwenye pikapu, nikakaa juu ya ile spring ambayo bado inanijua. Akinyi alitoka nyumbani amelikumbatia kasha la barafu, linadondosha maji kwenye viatu vyake. Akasimama dirishani. Akanitazama kama unavyomtazama kuku aliyetagia kwenye kofia yako.

"Dani," akasema, "tuliongea. Shuka basi, barafu inayeyuka."

Nikamwambia awashe gari. Akasema hapana, waipa sasa inajifanyia, hakuna kazi ya kufanya hapo mbele, niingie ndani nitengenezewe chai. Matone ya kwanza yakaanguka kwenye kioo. Mama yake alikuwa ametoka, na jirani mmoja alikuwa ameweka beseni lake chini ili aone vizuri.

Mkono wangu ukatafuta kitu cha kushika. Uzi haupo siku nyingi. Nikashika mkanda wa kiti, kwa mikono miwili.

"Mimi sishuki," nikasema. "Waipa haishuki."